Darasa la kuzama Matema: elfu 40 yangu siijutii, ila maski njoo na yako

Niseme mapema kabisa, mimi sio mtu wa maji. Nimezaliwa Mbeya nimekulia Iyunga, maji niliyoyazoea ni ya ndoo, tena yale ya baridi ya mwezi wa saba ambayo ukijimwagia unaita mababu wote kwa majina, na kuogelea kwenyewe nimejifunza nina miaka 31 kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini na mpaka leo mtu akinitazama naogelea anaona kama naomba msaada. Kwahiyo haya mnayosoma ni ya mtu wa kawaida aliyelipa hela yake kufundishwa kuzama chini ya maji bila masikio kumuuma, pale Matema, ziwa Nyasa, wikiendi ile ndefu ya Nyerere Dei. Wenye haraka nawapa jibu fupi, nendeni. Wenye muda kaeni, maana malalamiko pia yapo.

Mtaniuliza kwanini nimetafuta mwalimu wa masikio wakati kuogelea tu bado kunanishinda. Mwaka jana tulienda kikundi cha kazini sehemu nyingine ya ziwa hilohilo, siitaji, tukapewa jamaa wa kututembeza na boti. Akatugawia miwani akasema rukeni muone samaki. Nikazama kidogo tu, kama kimo cha mtu na kitu, sikio la kushoto likaanza kuuma kama mtu ananichokonoa na njiti ya kiberiti. Nikatoka nikamwambia. Akanijibu kwa kujiamini kabisa, bana pua dada, pumulia kwa nguvu zako zote, hayo maumivu ni ya siku ya kwanza tu ukivumilia yanaisha. Basi na mimi nilivyolelewa kuvumilia, nikarudi chini nikakaza mpaka macho yakataka kutoka, kikalia kitu mle ndani kama uzi umekatika, dunia ikazunguka, nikaibuka nimeng'ang'ania boti nataka kutapika. Usiku napenga kamasi zina damu. Wiki nzima sikio limeziba, nikiongea najisikia kama nimeingiza kichwa kwenye mtungi.

Daktari wa masikio alivyochungulia na kile kitochi chake akasema nina bahati, ngoma ya sikio haijatoboka, imevilia damu tu, nikae mbali na maji wiki kadhaa mpaka anione tena. Namshukuru hadi leo kwa sababu hakunifokea, alichukua karatasi akanichorea. Akasema huku nje sikio liko wazi, maji yanaingia yanafika mpaka kwenye ngoma, nyuma ya ngoma kuna kachumba kadogo kenye hewa, na hako kachumba kana mlango mmoja tu, mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua huku karibu na koo, wao wanauita mrija wa Yustakio. Muda mwingi huo mrija umefungwa, unafunguka ukimeza mate au ukipiga miayo, ndo ile tiki unayoisikiaga. Sasa ukizama, maji yanaisukuma ngoma kwa ndani, hewa ya kachumba inabanwa, inabidi uongeze hewa kupitia ule mrija ili pande mbili zilingane. Ukichelewa, kachumba kananyonya, mrija nao unabanana kabisa, hapo upulize usipulize haufunguki, na ukilazimisha unaweza kuumiza mpaka sikio la ndani kabisa kule kunakokaa mambo ya kusikia na ya kujua juu wapi chini wapi. Kizunguzungu changu akasema kilikuwa kengele.

Akaniambia na kitu kingine kilichonishangaza, kwamba hatari sio huko kwenye kina kirefu, ni hapahapa juu. Kila mita 10 za maji unaongezewa mzigo unaokaribia ule wa hewa yote iliyotuelemea tukiwa pwani, kwahiyo ukishuka mita 10 za kwanza hewa yako inabaki karibu nusu, ila ukishuka 10 zingine haipungui tena nusu, inafika theluthi tu ya ile uliyoanza nayo. Yani mabadiliko makubwa yote yako mwanzoni, mita mbili tatu za kwanza ndo zenye kasheshe, na ndo hizohizo sisi tusiojua tunazipita mbio tukidhani tutaanza kujali masikio tukifika chini.

Basi mwaka huu nikasema narudi ila kwa akili. Kosa la kwanza nikalifanyia mjini. Nikaingia duka moja la vifaa vya michezo nikamwambia muuzaji nataka vitu vya kuzamia, masikio yangu mabovu. Akanitolea miwani ya kuogelea, ile midogo ya kukaa kwenye macho tu, elfu 15, na vizibo vya masikio vya silikoni elfu 5, akaniapia kwamba hivi vizibo maji hayaingii hivyo presha pia haiingii. Nikaona kweli inaingia akilini, nikalipa. Kumbe nimeuziwa vitu viwili ambavyo kwa kuzama havifai kabisa, na kwenye pakti ya vizibo imeandikwa kwa herufi za sisimizi kwamba si vya kuzamia, nimekuja kuisoma tayari niko ziwani. Nitaeleza kwanini huko mbele. Kwa kuogelea juu ya maji bwawani havina shida, nimempa mtoto.

Safari tulikuwa watatu, mimi, shemeji yangu mdogo wake mume wangu ambaye ni mwalimu wa fizikia sekondari, na binti wa dada yangu ana miaka 12. Tukapanda Kosta asubuhi Nanenane. Sasa wale mnaotoka Mbeya kwenda Kyela mnaijua ile njia, unapanda kwanza mpaka Isyonje kwenye ukungu pale njiapanda ya Kitulo, afu unaanza kuporomoka Kiwira, Tukuyu, Ushirika, migomba inakuwa mingi, sweta zinavuliwa moja moja, na masikio yanaziba. Kila Kosta ina mtoto mchanga anayeanza kulia kuanzia hapo Kiwira na mama yake anamnyonyesha ananyamaza, watu wanadhani alikuwa na njaa. Alikuwa hajui kumeza mate kwa makusudi, ndo kisa. Wakubwa tunatafuna bigijii.

Shemeji hapo ndo akapata pa kufundishia. Akatoa simu akapiga hesabu, Mbeya mjini tuko kama mita 1700 kutoka usawa wa bahari, ziwa Nyasa liko kama mita 475, akasema shemeji tofauti ya presha ya hewa kati ya nyumbani kwako na ufukweni ni kilopaskali kama 13, ambayo ukiigeuza kuwa maji ni kama kuzama mita moja na robo, moja na nusu hivi. Yani sisi watu wa Mbeya tunazamaga kila tukienda Kyela msibani, bila kuloa. Ila barabarani unatumia saa mbili na zaidi, umemeza mate mara 200 bila kujijua, majini kina hichohicho unakifika kwa sekunde mbili. Nikamwambia hiyo ungeniambia mwaka jana ningeokoa hela ya hospitali. Akacheka akasema mwaka jana hukuniita. Kweli.

Ukitaka kwenda Matema unakatia Kikusya unapita Ipinda, siku hizi lami, ukikaribia unaona milima ya Livingstone imesimama kama ukuta umepandwa moja kwa moja kutoka majini. Tulifika saa nane mchana tumepikwa na joto.

Huyo kijana anayefundisha sio kampuni, hana ofisi wala bango, ni mtoto wa palepale ufukweni, nakadiria miaka 25 au 26, nilielekezwa na mtu wa kazini. Alinipa shikamoo akaniita mama, nikamwambia marahaba lakini tuishie dada, akakubali. Bei yake asubuhi mbili elfu 40 mtu mzima, mtoto elfu 20, mtumbwi wa injini kwenda upande wa Ikombe siku ya pili mnachangia elfu 50 nzima. Alichonifurahisha kabla hata sijalipa, aliniuliza maswali kama nesi. Una mafua? Uliwahi kutoboka ngoma ya sikio au kutoka usaha? Unasikia sawa pande zote? Nikamweleza ya mwaka jana, akauliza daktari alikuona tena akasema umepona? Nikasema ndio. Akasema basi tutaenda na sikio la kushoto, la kulia litasubiri mwenzie. Huo msemo wake nimeurudia kwa kila mtu ofisini.

Afu akaomba kuona vifaa vyangu. Miwani akaigeuza geuza akanirudishia. Akasema dada hii haina pua. Nikabaki namwangalia. Akaeleza kwamba ukizama, hata ile hewa iliyopo kati ya kioo na macho nayo inabanwa, miwani inakunyonya macho, unaweza kutoka yamekuwa mekundu kama ya mvuta bangi kwa vile vimishipa vimepasuka, na dawa yake ni kupuliza hewa kidogo kwa pua ndani ya kioo, sasa kama pua iko nje ya miwani utapulizia nini? Ndo maana maski ya kuzamia inafunika pua, na ile sehemu ya pua ni mpira laini ili uweze kuibana kwa vidole ukiwa chini. Vizibo vya masikio akasema hivyo ndo usivisogeze kabisa, kwa sababu ukiziba unafungia hewa kati ya kizibo na ngoma, hiyo hewa huna njia ya kuiongeza, maji yanasukuma kizibo ndani na wewe ukipuliza ngoma inatoka nje. Sikio la mtu anayezama linatakiwa lijae maji, lisizibwe na kitu, na hata uchafu ukiwa umeganda sana humo ni shida, ila sio kuchokonoa na vijiti vya pamba, hiyo kazi mwachie daktari.

Asubuhi ya kwanza saa nzima hatukugusa maji. Alitandika mkeka chini ya mwembe akatufundisha kuzibua masikio tukiwa tumekaa. Mimi nilidhani najua, si kubana pua na kupuliza? Akasema hiyo ipo na inafanya kazi, ila inatumia kifua na tumbo, na ukiwa kichwa chini miguu juu hewa haipandi vizuri kwenda puani, unajikuta unakaza, na kukaza ndo kulikokuumiza. Anayoifundisha yeye ni ya ulimi. Unabana pua, unafunga koo kama unataka kunyanyua gunia la mchele, afu unasukuma ulimi kwa nyuma kama unataka kusema "ka" lakini hewa haina pa kutokea, inakwenda masikioni, tiki. Weka mkono tumboni, tumbo lisicheze hata kidogo. Weka kidole kwenye koromeo, linatakiwa lipande juu. Yule binti alipata ndani ya dakika tano, mimi nilihangaika dakika arobaini natoa sauti za ajabu, mzee mmoja mwenye mtumbwi aliyekuwa anashona nyavu pembeni ananitazama kwa huruma, nikampa shikamoo akaitika marahaba mwanangu, endelea tu.

Shemeji jioni alitafuta kwenye simu akatusomea. Ile ya kubana pua na kupuliza inaitwa kwa jina la Mtaliano mmoja, Antonio Maria Valsalva, aliandika habari zake mwaka 1704, na wala hakuwa anafikiria wazamiaji, alikuwa anatafuta njia ya kutoa usaha kwenye sikio. Ile ya ulimi ni ya daktari Mjerumani, Hermann Frenzel, enzi za vita kuu ya pili, kwa ajili ya marubani wa zile ndege zinazoporomoka kichwa chini kudondosha mabomu, maana wao mkono mmoja uko bize na usukani na hawana muda wa kukaza kifua. Kuna na ya tatu, unabana pua huku unameza mate, ya Mwingereza Toynbee, ambayo mimi barabarani wakati wa kurudi ndo niliipenda. Kijana wetu hayo majina hayajui na hayana faida kwake, yeye anaita ya kifua, ya ulimi na ya kumeza.

Sasa kitu kilichonifanya nikae niandike yote haya ni kamba. Ana kamba ndefu, huku kuna jiwe huku kuna dumu la lita 20 linaelea, na kila nusu meta amefunga fundo. Unaingia miguu kwanza, sio kichwa, umeishika kamba, na kabla hujaacha uso wa maji unazibua mara moja, hiyo ya kwanza kabisa ufanye juu. Ukishuka fundo moja unazibua. La pili unazibua. Unazibua kabla haijauma, ukisubiri iume umechelewa, alilirudia hilo mpaka likawa kama wimbo. Fundo likigoma, hushuki, unapanda fundo moja unajaribu tena taratibu, unaweza kuinamisha kichwa pembeni ili lile sikio gumu litazame juu, likigoma tena unatoka nje unapumzika, hakuna mjadala. Yeye anakuwa chini yako kidogo anakutazama usoni na anaonyesha kidole kwenye sikio, wewe unajibu kwa mkono, sawa au hapana.

La kwangu la kushoto liligomea fundo la tatu. Mita moja na nusu tu jamani, kina cha Kosta ya Kyela! Nikapanda, nikashuka, likagoma, nikatoka. Mara ya nne nikiwa nimeshakata tamaa nimelegeza taya kabisa, nikasikia kitu kama punje ya mahindi imepasuka kwenye sufuria, likafunguka, na maumivu hamna, hamna kabisa, nikasahau na kushuka nikabaki nimening'inia pale kama nguo kwenye kamba nacheka ndani ya maski mpaka ikaingia maji. Siku hiyo nilifika fundo la sita, mita tatu. Angeweza kuniacha nikaze nifike siku ileile mapema tuondoke tukale, wateja wengine walikuwa wanasubiri, hakufanya hivyo.

Binti alizuiwa, na hapa kuna waliomwona kijana ana roho mbaya ila mimi nampa nyota yake nzima. Alianza kwa kasi, mafundo manne ya kwanza kama samaki, afu kijana akamsikia anavuta kamasi. Akamwuliza, akakiri kwamba toka juzi ana vimafua. Akamwambia leo wewe ni wa juu, utaelea na mrija wa kupumulia unaangalia. Mtoto akalia. Nikauliza si nimpe dawa ya kufungua pua ashuke? Akasema hapana dada, hiyo ndo mbaya zaidi, dawa inaweza kuisha nguvu akiwa chini, hewa iliyoingia ikakosa pa kutokea wakati anapanda, na wakati wa kupanda huwezi kusema nasubiri chini maana pumzi imeisha. Hilo la hewa kunasa wakati wa kurudi juu sikuwahi kulifikiria. Hela ya mtoto alirudisha nusu bila kuombwa.

Siku ya pili mtumbwi mpaka kwenye miamba upande wa Ikombe, kule kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu, vile vinavyouzwa gulioni Lyulilo. Maji mwezi wa kumi yametulia na ni meupe, unaona mpaka chini. Hapo ndo unakutana na wale samaki wadogo wa miambani, mbuna, wa bluu, wa njano, wenye mistari, wanaparura ukoga kwenye mawe kama mbuzi malishoni, na wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Nilishuka mafundo tisa. Mita nne na nusu, mimi, wa Iyunga. Sikujaribu ya kichwa chini, alisema hiyo ni ya safari nyingine, na akatukataza kitu kimoja kwa ukali ambao hakuwa nao muda wote, kuhema haraka haraka kabla ya kuzama ili eti upate pumzi ndefu. Shemeji alikuwa anafanya hivyo. Akamwambia kaka ukifanya hivyo mwili unasahau kukuambia umeishiwa, unazimika kimya kimya, hutapiga hata kelele. Na mmoja akiwa chini mwenzake yuko juu anamwangalia, siku zote.

Malalamiko sasa. Maski anazo tatu tu za watu wazima, moja mkanda wake umekatika umefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, na mpira wa tyubu ukivuta nywele za mwanamke aliyesuka utamjua Mungu wako. Kioo kinaingia ukungu, dawa yake ni kutemea mate na kusuuza, sawa, ila hiyo maski jana imetemewa mate na mtu mwingine na inaoshwa kwa maji ya ziwa peke yake, mirija ya kupumulia vilevile. Ndoo moja ya maji ya sabuni ni shilingi ngapi? Nilimwambia, akasema ni kweli dada nitafanya, tuone. Jaketi za kujiokoa kwenye mtumbwi zilikuwa mbili na sisi na yeye na mzee wa injini tulikuwa watano, niligoma kuondoka mpaka zikaazimwa zingine kwa jirani, tukachelewa saa nzima, na sijutii hiyo saa. Risiti hamna.

Kichocho nacho, tusidanganyane, ziwa Nyasa kipo. Yeye mwenyewe alilisema kabla sijauliza, anakwepa sehemu zenye majani na maji yaliyotuama ambako konokono wanakaa, na midomo ya mito pia anakwepa kwa ajili ya mamba, ila hakuapa kwamba kwenye miamba hakuna. Kwahiyo tutaenda kupima wote watatu, na sio kesho, unasubiri wiki sita hadi nane kwanza ndo kipimo kiseme ukweli, na dawa nayo inaua minyoo iliyokomaa, ukiimeza mapema umejisumbua.

Chakula sina la kusema sana, wali wa Kyela na mbasa wa kuchoma, mtu akilalamikia hicho ana matatizo yake binafsi. Kula baada ya kuzama tu, mimi siku ya pili nilikula chapati tatu asubuhi nikajuta kwenye fundo la tano.

Nani aende? Mtu yeyote anayejua angalau kuelea, na ambaye daktari hajamkataza. Kama ulishawahi kutoboka ngoma ya sikio pitia hospitali kwanza, maana maji ya baridi yakipenya kwenye tundu mpaka ndani unapata kizunguzungu cha kutojua juu ni wapi, na chini ya maji huko sio pa kupatia kizunguzungu. Jioni kausha masikio na kitambaa, inamisha kichwa maji yatoke, mtoto wetu hakukausha akapata muwasho siku mbili. Na kama wewe ni wa mitungi ya hewa, hii njia yetu ya kupanda Isyonje sio ya kupita siku hiyohiyo, mwili unaichukulia kama umepanda ndege, lala kwanza. Sisi wa kubana pumzi tulipanda Jumatatu mchana, masikio yanajifungua yenyewe tu kila kona, kupanda hakunaga shida kama kushuka.

Ukimtaka, ukifika ulizia kijana wa kamba ya mafundo, pale mitumbwi inapopaki, watakuonyesha. Mimi nimempa nyota nne, ya tano imezama na ile ndoo ya sabuni.

Wiki iliyofuata nimetafuta maski yangu mwenyewe yenye pua. Unaiweka usoni bila mkanda, unavuta hewa kidogo kwa pua, ikikaa bila kuanguka ni saizi yako, nilijaribu saba pale dukani watu wananiangalia. Ipo kwenye kabati la vyombo. Mume wangu ananiuliza kila siku hapa Iyunga unategemea mafuriko?